Tangazo la Daraja la Kwanza

Neema, binti aliyekalia kiti changu pale ofisi ya michezo, alinipigia simu wiki ya pili tu baada ya mimi kustaafu. "Shikamoo mama. Faili la timu ya ligi liko wapi?" Nikamwambia liko kabati la chini, nyuma ya jezi zilizoliwa na panya. Nikamsikia anavuta mlango, anapiga chafya, anafungua faili, anahesabu. "Mbona lina karatasi nne tu?" Kweli ni nne. Mengine hayakuandikwa popote, na sasa mkurugenzi mpya anataka kujua kama Lushoto inaweza kupata timu ya mpira ya kulipwa. Basi nayaandika hapa, kwa ajili ya Neema na watakaomfuata, ili mniache nipalilie maharage yangu kwa amani.

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka kutoka kwetu Rangwi na sanduku moja la nguo na cheti cha michezo. Karani aliyenipokea alikitazama cheti, akanitazama mimi, akasema, "Netiboli iko shule ya msingi, pale juu." Nikamweleza kwamba mimi ndiye afisa michezo wa wilaya, na mpira wa miguu nao umo. Aliomba radhi, akanikabidhi vifaa vya ofisi: mpira mmoja uliokwisha upepo, pampu isiyo na sindano, na filimbi ya chuma. Filimbi ya chuma msiitumie Lushoto mwezi wa saba. Inang'ang'ania mdomo kwa baridi, na mwamuzi anayeng'ang'aniwa na filimbi hawezi kutoa kadi kwa heshima. Nunueni ya plastiki.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Hoza, mlinzi wa uwanja. Zamani alikuwa fundi mwashi, na ingawa mgongo ulimkataza kujenga, hakuachana na pimamaji yake, kile kibao chenye kichupa cha maji ambacho fundi hukilaza juu ya tofali kujua kama limekaa sawa. Alikuwa akitembea nacho kwapani kama wengine wanavyotembea na gazeti. Asubuhi yangu ya kwanza alikilaza katikati ya uwanja. Povu ndani ya kichupa likakimbilia upande wa juu, likagoma kurudi.

"Umeona, mwanangu? Goli la juu na goli la chini yamepishana kimo cha mtu mzima aliyevaa kofia."

"Na asipovaa kofia?"

"Avae tu," alisema. "Nilipima na kofia."

Hatukuona ajabu sana. Kwetu milimani sehemu tambarare ni ya kugombaniwa, na ikipatikana watu hupanda viazi. Timu zetu zilikwisha kuuzoea ule mteremko. Nahodha aliyeshinda sarafu alichagua kushuka kipindi cha pili, wakati miguu imechoka. Wageni kutoka tambarare walikuwa wakipiga pasi nzuri, za kisomi kabisa, halafu wanausindikiza mpira kwa macho unavyokwenda zake. Nyuma ya goli la chini kulikuwa na shamba la kabichi la Mzee Samweli, na kila mpira uliokosa goli uliishia kwake. Ukungu ukishuka, mwamuzi asione nyavu, tulikuwa tukimtuma mtu kwa Mzee Samweli kuuliza. Mpira ukiwa kwenye kabichi, si goli. Timu zote zilimkubali kuwa shahidi kwa sababu alizichukia zote sawasawa.

Miaka ikaenda hivyo. Nilichora mistari kwa chokaa iliyochanganywa na majivu, maana chokaa peke yake mvua ya huku inaifuta kabla hujafika kona ya pili. Nilisuluhisha ugomvi wa Vuga na Rangwi uliotokana na mrusho mmoja tu wa mpira, nikalaumiwa na Vuga kwamba ninapendelea kwetu, na Rangwi wakanilaumu kwamba sipendelei. Sindano ya pampu ilowesheni mate kabla ya kuichomeka. Hilo nalo chuoni hawakunifundisha.

Ilipobaki miaka michache nistaafu, ndipo simu ikaja. Aliyepiga ni Bwana Shabani, katibu wa timu moja ya pwani iliyokuwa inacheza Ligi Daraja la Kwanza. Uwanja wao ulikuwa umefungwa kwa matengenezo yasiyokwisha, wachezaji wao wanachoshwa na joto, na mtu amewaambia kwamba Lushoto kuna baridi nzuri na watu wanaopenda mpira. Walikuwa tayari kuhamia kwetu moja kwa moja, wabadili na jina, waitwe kwa jina la mji wetu.

"Nauliza kitu kimoja tu, mama," alisema. "Uwanja wenu ni tambarare?"

"Ni tambarare kwa viwango vyetu," nikamjibu.

Sikusema uongo, lakini sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Nitawaambia ukweli: nililitaka jambo lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine kazini. Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa akipanda kilimani na redio Jumapili jioni, kwa sababu nyumbani haikushika, nasi tunamfuata kusikiliza matangazo ya mpira. Ilitajwa miji yote. Moshi ilitajwa, Mwanza, Tabora, na Tanga bila shaka. Siku moja nilimwuliza baba watatutaja lini sisi, akasema tutatajwa barabara ikikatika. Nilitaka kustaafu nikiwa nimesikia jina la Lushoto redioni, limetajwa kwa sababu ya mpira.

Mkurugenzi wa wakati ule alifurahi hata kabla sijamaliza kueleza, na jioni hiyohiyo alikwisha kuwaambia wazee wa mji kwamba timu imepatikana. Mkaguzi wa viwanja alikuwa aje baada ya wiki mbili na ushee. Uwanja ulikuwa lazima usawazishwe, na trekta la kusawazisha hatukuwa nalo. Tulichokuwa nacho ni msaragambo, ile kazi ya wote ambayo kwetu kila nyumba hutoa mtu, na asiyetokea husemwa mpaka msaragambo mwingine. Nikaketi, nikaandika tangazo kwa mkono wangu, ndiyo karatasi ya kwanza kwenye faili. Lilisema hivi: "Jumamosi saa moja asubuhi kutakuwa na msaragambo kwa ajili ya kupata Daraja la Kwanza. Kila kaya ilete jembe, sururu au karai." Nikalipeleka makanisani likasomwa Jumapili, na misikitini likasomwa Ijumaa.

Jumamosi hiyo saa moja nilikuwa uwanjani na kamba ya kupimia, Mzee Hoza na pimamaji yake. Walikuja watu tisa. Wawili kati yao walikuja kuuliza mechi inaanza saa ngapi. Saa mbili ikapita, hakuna aliyeongezeka. Nilianza kuwalaani wenzangu kimoyomoyo, kila dini kwa zamu. Ndipo tukasikia nyimbo kutoka bondeni, sauti nyingi kweli, na shoka likikata mti.

"Kuna msiba?" Mzee Hoza akauliza.

"Msiba gani wa mashoka?"

Tukateremka. Pale mto unapotenganisha mji na kitongoji cha Ng'ambo tulikuta watu zaidi ya mia mbili. Wanawake walikuwa wamejitwika mawe, wanaume wameshika magogo ya mkaratusi mabegani, watoto wanapitishiana karai za kokoto, na moto umekwisha kuwashwa chini ya sufuria la makande. Kwenye ule mto kuna vivuko vitatu. Vyote vilikuwa magogo tu, lakini wagombea wa kila uchaguzi waliwaahidi watu madaraja, wakiyahesabu kutoka chini kwenda juu: daraja la kwanza, daraja la pili, daraja la tatu. Ahadi haikutimia, majina yakabaki. Na la kwanza lilikuwa limesombwa na maji masika iliyopita. Tangazo langu lilikuwa limeeleweka vizuri sana, neno kwa neno.

Mwanamke mmoja alinijia mbio, kanga kiunoni, miguu imejaa tope. Huyo ni Mama Zaina, mkulima wa karoti na kiongozi wa akina mama wa Ng'ambo. Alinishika mikono yote miwili. "Hongea, mwanangu! Hongea sana!" Hapo ananishukuru kwa Kishambaa. Kisha akageukia Kiswahili ili na wenye ofisi wasikie. "Tulishasema serikali haitujui. Masika yote tunazunguka na karoti kichwani mpaka kule juu. Fatuma wangu huyo, alishikwa na uchungu, wakamzungusha, akajifungulia kwenye migomba ya watu! Leo mmetukumbuka."

Nilifungua mdomo nimweleze. Fatuma mwenyewe alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, jiwe mkononi. Nikaufunga mdomo.

"Waambie," Mzee Hoza akaninong'oneza.

"Waambie wewe."

"Mimi mlinzi tu."

Tukatazamana. Mkaguzi anakuja Jumatano, na mikono mia mbili niliyoihitaji ilikuwa hapo mbele yangu, inajenga kitu kingine. Ningeweza kuwapandisha wote uwanjani. Wangeguna lakini wangepanda, maana waliona agizo limetoka serikalini. Nikiwa bado nafikiri, Mzee Hoza alikwenda kwenye gogo la kwanza lililolazwa, akaweka pimamaji juu yake, akainama kulitazama povu. "Hili limelala vibaya," akasema kwa sauti ya kazini. "Inueni upande wa huku. Nani kaweka jiwe hili?" Basi nikavua viatu, nikaingia kwenye mstari wa kokoto.

Niliwaambia ukweli wakati wa kula. Nilisimama na bakuli la makande mkononi, nikasema, "Jamani, naomba radhi. Daraja la Kwanza nililoandika ni la mpira."

Mama Zaina akalamba kijiko. "Mpira unavuka mto?"

"Hauvuki, mama. Ni ngazi ya timu. Kuna Ligi Kuu, halafu Daraja la Kwanza, halafu la Pili."

"Kwa hiyo hakuna mto."

"Hakuna."

"Basi daraja la nini?"

Wakaanza kucheka, kwanza wanawake, halafu wote, mpaka mzee mmoja akapaliwa na maharage. Kisha wakarudi kazini, maana gogo la tatu lilikuwa bado. Saa kumi daraja likawa limekwisha. Lilikuwa limelala sawasawa, povu katikati ya kichupa, na Mzee Hoza aliwaonyesha watu wote mmoja mmoja.

Jumatano mkaguzi akaja na Bwana Shabani. Uwanja ulikuwa kama ulivyokuwa siku zote, ila Mzee Hoza alikuwa na mbinu yake ambayo hakunishirikisha. Alikuwa amechimba kishimo kidogo pale katikati, akakifunika kwa majani, ili mpira ukiwekwa utulie. Na kweli, mkaguzi aliweka mpira, ukatulia. Nikapumua. Mkaguzi akauchukua, akasogea hatua tatu, akauweka tena. Mpira ulikaa kidogo, kama unaofikiri. Halafu ukaanza kwenda. Tuliusindikiza kwa macho sote wanne. Uliongeza mwendo kwenye boksi, ukapita pembeni ya goli la chini, ukapotea. Punde Mzee Samweli akatokea amebeba mpira kwa mkono mmoja na kabichi iliyovunjika kwa mkono mwingine.

"Nani kapiga?" akafoka.

"Hakuna aliyepiga, mzee," mkaguzi akamjibu, na akaandika hivyohivyo kwenye fomu yake.

Ile fomu ni karatasi ya pili kwenye faili, Neema. Lakini mkaguzi alikuwa muungwana. Alinivuta pembeni akasema atarudi baada ya mwezi, na mpira ukitulia popote atakapouweka, ataandika ndiyo. Bwana Shabani akanishika mkono akasema wao wanatungoja sisi tu, hawana pengine pa kwenda.

Mara hii tangazo niliandika mara sita. Kabla ya kulipeleka popote nililipeleka kwa Mama Zaina, nikamwambia asome kisha anieleze alichoelewa. Fanyeni hivyo kila mara. Msimpe mwenzenu wa ofisini akusomeeni, kwa sababu naye anaelewa yaleyale mnayoyaelewa ninyi.

Mama Zaina alisoma polepole. "Kuchimba uwanja wa mpira."

"Umeona daraja mahali popote?"

"Sijaona."

"Mtakuja?"

"Sasa tusije kwa nini? Njia si ipo?"

Wakaja. Ng'ambo yote ilivuka saa moja kasoro, mstari mmoja juu ya magogo, majembe begani. Watu wa mjini walipoona hivyo wakaona aibu, nao wakatoka. Jumamosi nne mfululizo tulikata udongo upande wa juu tukaumwaga upande wa chini, Mzee Hoza akipita na pimamaji kila baada ya hatua chache, akiwagombeza hata wazee wenziwe. Mzee Samweli alisimama kwenye kabichi zake akitazama ukuta wa udongo ukipanda mbele ya shamba lake. Nilidhani atafurahi. Aliniuliza kwa unyonge kama sasa ukungu ukishuka tutamwuliza nani.

Jumamosi ya nne jioni niliweka mpira katikati. Watu wote walisimama pembeni mwa uwanja. Ukatulia. Nikauweka kwenye kona, ukatulia. Nikauweka juu, ukatulia, nikauweka chini kabisa karibu na goli, napo ukatulia. Mzee Hoza aligeuka akawa anakagua wingu lisilokuwepo. Mimi sikujificha, nililia mbele ya watu. Karatasi ya tatu kwenye faili ni ya mkaguzi, nayo ina neno moja la maana: unafaa.

Wiki iliyofuata Bwana Shabani akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mbali. "Mama, tumeshuka."

Nilisimama kwa furaha. "Mmeshukia Mombo? Ngojeni hapohapo stendi, nawaletea gari!"

"Hatujashuka kwenye gari, mama. Tumeshuka daraja."

Walikuwa wamefungwa mechi ya mwisho, bao la dakika za majeruhi. Msimu unaokuja watacheza Daraja la Pili, na huko mechi zote zinachezwa kwenye kituo kimoja, hakuna wa nyumbani wala mgeni. Hawahitaji uwanja. Mfadhili wao naye amekwisha kuzima simu. Alisema samahani mara nyingi, nikamwambia hakuna neno, kisha nikakaa kwenye kiti ambacho Neema anakikalia leo, nikahisi nimezeeka siku hiyohiyo. Mkurugenzi alipoambiwa alisema, "Andika taarifa fupi." Hiyo ni karatasi ya nne.

Kuandika taarifa haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kwenda kuwaambia watu waliochimba Jumamosi nne. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, siku ya tatu nikateremka mtoni. Mama Zaina na wenzake walikuwa wanaosha karoti kwa ajili ya gulio, magunia yameegemezwa kwenye nguzo ya daraja.

"Onga mshi, akina mama."

Wakaitikia salamu. Mama Zaina akanitazama usoni. "Una nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yakanipotea yote. "Timu," nikasema. "Timu imeshuka."

"Imeshuka wapi?"

"Daraja la Pili."

Aliacha kuosha. Akanyoosha mgongo, akatazama juu mtoni, kule kivuko cha pili kilipo, na karoti inamchuruzika maji mkononi.

"Daraja la Pili," akasema. "Hao watu wana akili kuliko nilivyodhani. La pili limebaki gogo moja, na hilo nalo limeoza."

Nilimchungulia usoni nione kama ananitania. Hakuwa na dalili yoyote ya kucheka. Wenzake walikuwa wameinamia karoti zao, hakuna aliyeinua kichwa, lakini mabega yao yalikuwa yanatikisika. Nikasikia kicheko kinaanza tumboni kwangu, cha kwanza tangu ile simu, na kilipotoka kilitoka na machozi, sikujua kipi ni kipi. Mama Zaina alingoja nimalize. Alinikabidhi karoti moja iliyokwisha kuoshwa, nikaila.

Kisha nikamwuliza, "Jumamosi saa ngapi?"